Tope la Jangwani likishachimbwa, linapelekwa wapi?

Masika yakianza tu, wakazi wa Dar es Salaam wanaulizana: Jangwani panapitika leo?

Kwa nini ni palepale kila mwaka? Mto Msimbazi unashuka kwa kasi kutoka vilima vya Pugu. Ukifika Jangwani kwenye tambarare, kasi inapungua na mto unatua mzigo wake: mchanga, udongo, plastiki. Yaani Jangwani ni kama bwawa la asili. Linapokea maji ya mvua kwa mkupuo, kisha linayaachia taratibu kuelekea baharini.

Hapo hesabu ni rahisi. Kila sentimita ya tope ni nafasi ya maji iliyopotea. Kina kikipungua, mvua ambayo zamani iliishia mtoni sasa inapanda hadi barabarani.

Siyo mchanga tu

Msimbazi unapita kwenye viwanda, gereji na makazi yasiyo na mfumo wa majitaka. Metali nzito kama risasi, pamoja na mafuta machafu ya magari, hung'ang'ania chembe laini za udongo. Maji yanaondoka, sumu inabaki chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulishakuta metali nzito kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mto huu.

Mradi upo, ila…

Mradi wa Bonde la Msimbazi wa dola milioni 260, kwa fedha za Benki ya Dunia, Hispania na Uholanzi, unahusisha kuchimba na kupanua njia ya mto, pamoja na daraja jipya Jangwani. Ni hatua kubwa. Lakini mto hautaacha kuleta mchanga kwa sababu daraja limezinduliwa.

Angalia mtaro wa mtaani kwako. Watu wanauzibua, tope wanaliacha pembeni, mvua ya kwanza inalirudisha mlemle. Bonde nalo ni hivyohivyo, ila kwa ukubwa wa jiji.

Kwa hiyo maswali ya kuwauliza viongozi ni matatu. Mradi ukiisha, nani atachimba tena, na kwa bajeti ipi? Tope linapimwa sumu kabla halijaenda kujazia kiwanja cha mtu? Na huko juu, nani anazuia udongo na taka visiingie mtoni?

Bila majibu, daraja litapitika. Wanaoishi chini yake ndio watakaoendelea kubeba magodoro juu ya paa.