Ugomvi wa Mezani si Jambo Dogo

Wako walimu wa fasihi wafundishao kwamba mchezo wa kuigiza haustahili jina hilo mpaka damu imwagike, au mfalme apinduliwe, au umati ujae njiani. Kwa kipimo hicho mwanafunzi wangu mmoja alirudishiwa mwandiko wake, uliohusu ndugu waliokutana kwa bibi yao siku ya Idi, nao umeandikwa pembeni: "Mambo ya nyumbani; hakuna mgogoro." Hukumu hiyo ni mbovu, na sina budi kuipinga. Nitatumia mfano wa mbali, nisije nikadhaniwa kumtetea mwanafunzi wangu kwa upendeleo.

Mwaka 1931 Mmarekani Thornton Wilder alitoa mchezo wa tendo moja uitwao The Long Christmas Dinner, yaani karamu ndefu ya Krismasi. Jukwaani pana meza, na ukoo wa Bayard umeizunguka. Upande mmoja pana mlango uliopambwa maua na matunda, nao ni wa kuzaliwa. Upande wa pili pana mlango uliotandwa mahameli nyeusi, nao ni wa kufa. Karamu haikatizwi, lakini miaka 90 hupita. Waigizaji hula chakula kisichokuwapo, na azeekaye huvaa nywele nyeupe akaendelea kuzungumza.

Hakuna mgogoro? Yaya huingia na kigari cha mtoto kwa mlango wa maua, akavuka moja kwa moja mpaka mlango mweusi, na mama hubaki mezani. Kijana Roderick hugombana na baba yake, Charles, akaihama nyumba. Genevieve, aliyeahidi kukaa na mama yake daima, hujuta baada ya mauti kwamba hakumwambia kamwe thamani yake. Kisha naye nyumba humshinda, akaenda zake. Katikati ya hayo yote watu husifu mahubiri, hugawana nyama, na hustaajabia barafu matawini. Adabu ya sikukuu huwafumba vinywa, na lisilosemwa leo hukosa siku ya kusemwa. Adui wao hakubisha hodi. Ni wakati, nao wameketi naye. Kikulacho kinguoni mwako.

Watasema kwamba hizo ni habari za Wakristo wa Marekani. Mbona basi Paul Hindemith, Mjerumani, aliugeuza mchezo huo kuwa opera, ikaonyeshwa Mannheim mwaka 1961? Na kwetu je? Ebrahim Hussein, aliyetupa Kinjeketile mwaka 1969 na kutuonyesha Vita vya Maji Maji, ndiye pia aliyeandika Wakati Ukuta, ambamo binti na wazazi wake hushindana nyumbani. Mkono ule ule uliweza vita na uliweza sebule. Ni nani aliyetupa ruhusa ya kuheshimu kimoja na kukidharau cha pili?

Nakiri kwamba mchezo wa Wilder una upungufu. Kiwanda kiilishacho meza ile hutajwa tu, na masizi yake hulalamikiwa, lakini wafanyakazi wake hatuwaoni. Hata hivyo, hilo ni kosa la kutoitazama meza kwa ukamilifu. Si kosa la kuitazama.

Kijana wetu aijua nyumba ya bibi yake kuliko aijuavyo ikulu yoyote. Amjua shangazi aliyekuja na zawadi kubwa kuficha deni, na mjomba asiyetajwa jina sahani zinapopangwa. Tukimwambia kwamba hayo si kitu, ataandika juu ya wafalme asiowajua, kwa maneno aliyoyaazima, nasi tutamsifu kwa makelele yake. Huko si kufundisha utunzi. Ni kufundisha woga.

Nawashauri waliourudisha mwandiko ule wausome tena. Waache kuuliza ni nani aliyepigwa, waulize ni nani aliyenyamaza, na kwa nini.