Sajili Haijui Jina Lako

Binamu yangu aliye Texas aliniandikia usiku mmoja akiwa na haraka. Alikuwa ameonyeshwa ploti upande wa Kisian, picha tatu za nyasi na moja ya hatimiliki, na alitaka nimfanyie jambo dogo tu: nifungue tovuti ya kaunti, niandike jina la muuzaji, nimtolee ardhi zake, kesi zake, na kama amewahi kulala seli. Kwao huko, alisema, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nikamjibu, "Omera, huku rekodi haziitwi kwa jina, zinaitwa kwa namba." Akadhani namkwepa.

Tangu siku hiyo nimetega sikio nisikie watu wa Kisumu wanavyozungumza juu ya rekodi za umma: kwenye matatu za Kondele, kwenye foleni, mezani Dunga wakisubiri samaki. Kila mtu ni mtaalamu. Madai niliyookota yana punje ya ukweli ndani yake, lakini pumba ni nyingi.

La kwanza ni la binamu mwenyewe: "Nenda kwa kaunti, wao ndio wenye rekodi." Marekani ni kweli, kwa kuwa hati za ardhi, mahakama ya mwanzo na afisi ya sherifu mara nyingi ziko chini ya kaunti moja. Yetu haikuumbwa hivyo. Gavana wa Kisumu hana sajili ya ardhi. Anachoweka ni mambo ya ada za ploti, orodha ya uthamini, idhini za ujenzi, leseni za biashara, pamoja na mafaili aliyorithi kutoka baraza la zamani la manispaa. Sajili ya ardhi ni ya wizara ya taifa, kesi ni za Idara ya Mahakama, kitabu cha polisi ni cha Huduma ya Taifa ya Polisi. Hiyo ni milango mitatu, na aliye nyuma ya mmoja hana haja ya kujua yaliyo nyuma ya mwingine.

Tena sajili ya ardhi imepangwa kwa kipande cha ardhi, si kwa mtu. Kila kipande kina anwani yake: wilaya, eneo la usajili, namba. Kisumu/Kogony, kisha namba. Kisumu/Manyatta 'A', kisha namba. Hakuna ukurasa wa kukuonyesha "ardhi zote za fulani". Na hata ungekuwepo, ungeandika nini? Ukiita Otieno umeita kila mvulana aliyezaliwa usiku kuanzia Ahero hadi Usenge, na ukiita Okoth wanakuja wote waliozaliwa mvua ikinyesha.

Dai la pili linapendwa sana na mabroka: "Mambo ya ardhi ni siri, lazima umjue mtu ndani." Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema kinyume. Kifungu cha 34 kinampa mtu yeyote anayetaka utafutaji rasmi haki ya kupata maelezo yaliyomo katika sajili, pamoja na nakala zilizoidhinishwa za hati na ramani, akilipa ada iliyowekwa. Sheria haikusema mwenye shamba, wala wakili wake, wala mwanaume. Punje ya ukweli ni kwamba dirishani utaombwa kitambulisho na PIN ya KRA, na huenda ukaulizwa nakala ya hatimiliki ambayo mnunuzi bado hana. Hapo ndipo broka anajipenyeza akidai yeye ndiye ufunguo, na kumbe ufunguo ni namba ya kipande. Usipokuwa nayo, afisi ya upimaji inauza ramani ya eneo la usajili, na mtu anayeijua nchi vizuri, akisimama penye mpaka na ramani mkononi, ataitambua namba bila kumhonga yeyote.

Sasa lile la tatu, ambalo limewaliza wengi: "Sachi ikitoka safi, shamba ni safi." Sachi ndiyo jina la mtaani la utafutaji rasmi. Karatasi hiyo inakueleza mambo yalivyo siku ile tu: nani ameandikwa mwenye ardhi leo, ukubwa ni upi, kuna rehani au zuio. Historia haisemi. Historia iko kwenye grinkadi, yaani kadi ya sajili ya kipande hicho, na anayenunua bila kuomba nakala yake ni kama aliyeoa kwa kutazama picha.

Nilipoipata ya shamba la babu huko Seme niliisoma kama barua. Ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza ardhi: ukubwa kwa hekta, namba ya karatasi ya ramani. Ya pili inataja wenyewe, kila mmoja na namba ya ingizo, tarehe na saini ya msajili. Ya tatu ni ya mizigo: rehani za benki, mazuio, maonyo. Kwa babu sehemu ya pili ina mstari mmoja tu, ingizo namba 1, wino wa buluu uliofifia, wa siku zile ardhi ilipokuwa ikipimwa na kugawiwa kijijini kwa Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968. Sehemu ya tatu ni tupu. Kadi nzuri kabisa, ila mwenyewe alikufa miaka mingi iliyopita, na sajili itaendelea kumwita mwenye ardhi mpaka mahakama itoe hati ya mirathi na mabadiliko yasajiliwe. Ukifanya sachi leo itatoka safi kama maji ya kisima, na mtu yeyote mwenye majina kama ya babu na kitambulisho cha kughushi angeweza kukuuzia.

Kadi yenye mistari mingi nayo ina lugha yake. Ardhi iliyobadili mikono mara nne katika miezi kumi na minane inakuambia kitu. Ingizo linalosema hatimiliki mpya imetolewa linakupeleka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa. Humo msajili hutangaza kwamba hatimiliki ya kipande fulani imepotea, na kwamba siku 60 zikipita bila pingamizi atatoa nyingine. Maombi ya mirathi hutangazwa humo humo, na anayepinga hupewa siku 30. Matoleo ya miongo mingi yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye Google Books. Huko, kwa mara moja, hata jina laweza kukusaidia. Familia ngapi zimepoteza shamba kwa tangazo la mistari sita ambalo hakuna aliyelisoma?

Mahakama ya Juu nayo imelizika dai hili la sachi safi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, mbele yake ilikuwa ploti ya ufukweni Nyali ambayo mwaka 1989 ilikuwa imegawiwa Daniel arap Moi, kisha ikauzwa, ikauzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hatimiliki mkononi, lakini ardhi ilikuwa nafasi wazi ya umma, njia ya kwenda baharini. Majaji walisema hatimiliki iliyoota juu ya mgao haramu haimkingi hata aliyenunua kwa nia njema. Sisi wa ziwani tunapaswa kuibandika hukumu hiyo ukutani, maana fukwe zetu za samaki zina majirani wenye kupenda uzio.

Yako pia yasiyoandikwa popote. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinatambua haki zinazobana ardhi ingawa hazimo kwenye sajili, kama vile amana za kimila na haki za njia. Kaburi la mama mkubwa huliandikii ingizo. Na maji? Mwaka 2020 ziwa lilipofura, watu wa ufukweni waliona boma zao zikigeuka vidimbwi, na kwenye ramani ya sajili kila kipande kikabaki kikavu kama siku kilipopimwa. Nenda ukakanyage ardhi, uwaulize majirani, ufike kwa naibu wa chifu. Hiyo nayo ni sajili.

Dai jingine: "Siku hizi yote yako mtandaoni." Hapana. Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ilizinduliwa Aprili 2021 ikianzia Nairobi, na kwingine makaratasi yamekuwa yakihamishwa kwa awamu. Tusikawie hapo.

Kuhusu mahakama husemwa: "Kesi ni za wenye kesi na mawakili wao." Katiba inasema mshtakiwa asikizwe hadharani, na benchi za nyuma mle mahakamani ziliwekwa kwa ajili yako. Kisumu tumebarikiwa, kwani tuna Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na ile ya Ajira. Hukumu zao huchapishwa bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, na ni huko ambako mbinu ya binamu inafanya kazi nusu, maana unaweza kutafuta kwa jina. Kila mzee kwetu ana maoni kuhusu mzozo wa mazishi ya wakili S.M. Otieno, lakini sijakutana na watatu waliosoma hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Mei 1987 iliyompeleka kuzikwa Nyalgunga. Iko pale, na inasomeka kuliko magazeti ya wakati ule.

Nusu inayokosekana ni ya mahakimu. Kesi nyingi za watu wa kawaida huanzia na kuishia Winam, Maseno, Nyando au Tamu, na hukumu nyingi za huko hazifiki mtandaoni. Hapo namba inarudi kuwa mfalme. Ukiwa na namba ya kesi na mwaka, karani wa masjala anajua pa kwenda, na ombi la kusoma faili lina ada yake. Usipokuwa nayo, anza na orodha ya kesi za siku. Kumbuka pia kwamba kushtakiwa si kutiwa hatiani. Nimewahi kusikia mtu akinyimwa nyumba ya kupanga kwa sababu jina lake lilionekana kwenye orodha, naye alikuwa shahidi.

Kuhusu polisi kuna madai mawili yanayopingana, na yote mawili hayasimami. Moja: "Ukitoa kitu kidogo utaonyeshwa rekodi ya mtu yeyote." Kitu kidogo ni hongo, na rekodi ya jinai si ya sokoni. Cheti cha maadili mema hutolewa na idara ya upelelezi wa jinai, DCI, kwa mtu anayejiombea mwenyewe, kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mpangaji wako kama inavyokulinda wewe. Ukitaka kumjua mkwe, mwombe alete cheti chake, na mtazame uso akijibu.

La pili: "Kitabu cha OB ni cha wakubwa, raia haulizi." OB ni kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Aliyepiga ripoti ana haki ya namba yake ya OB, na asiondoke kaunta bila kuiandika, kwa sababu bila namba hiyo ripoti yake ni hadithi tu. Na yanayofanywa na polisi hayajazikwa milele. Agosti 2017 mtoto wa miezi sita alipigwa Nyalenda wakati wa msako wa baada ya uchaguzi, akafa. Uchunguzi wa kifo chake ulifanyika wazi katika mahakama ya Kisumu, polisi wakaitwa kujieleza, na Februari 2019 hakimu akaamua kwamba wao ndio waliowajibika.

Limebaki la "Sheria ya habari ni ya waandishi." Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ni ya raia. Unaandika ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika lazima asaidiwe. Sababu zako si kazi ya afisa. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, nakala ndizo zinazolipiwa. Jibu litoke ndani ya siku 21, au saa 48 kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, ina afisi hapa hapa mjini. Kwa ombi la aina hiyo wanaharakati wa Mombasa waliishtaki serikali, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamuru mikataba ya reli ya SGR itolewe. Ikiwa reli nzima ilifunguka, orodha ya ploti za umma karibu na Dunga haiwezi kuwa siri ya dola.

Nilirudi kwa binamu na kumwomba namba ya kipande, nikaanzie hapo. Akafungua tena ile picha ya hatimiliki, akaikuza. Kidole gumba cha broka kilikuwa kimelala sawasawa juu ya namba. Nikamwambia amwandikie apige picha nyingine, kidole pembeni. Broka alijibu upesi, kwa heshima zote, kwamba namba hutolewa baada ya malipo ya kwanza.