MAZOEZI NI SEHEMU YA TIBA

Mama wa Ngerengere aliyetibiwa saratani ya matiti katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hurejea kwake akiwa na vidonge mkononi na hofu moyoni. Nyumbani hupokewa kwa mashauri ya namna mbili. Wapo wanaomhurumia wakamtaka alale kutwa. Wapo pia wanaomkabidhi jembe na ndoo kana kwamba hakuugua. Yote mawili yana kasoro.

Saratani nyingi za matiti hustawishwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni. Mwanamke akishakoma hedhi, sehemu kubwa ya homoni hiyo hutengenezwa katika mafuta ya mwili. Mazoezi husaidia kupunguza mafuta hayo, na pia huteremsha insulini, homoni nyingine inayoweza kuchochea chembe za saratani. Aidha, hupunguza uchovu wa tiba na kusaidia mifupa, ambayo baadhi ya dawa za homoni huidhoofisha.

Utafiti uliofanywa miongoni mwa wauguzi wa Marekani na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotembea kiasi cha saa 3 hadi 5 kwa wiki walikuwa na vifo vichache kuliko wale waliojishughulisha kidogo mno. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa waliopata kuugua saratani. Hizo ni dakika 30 tu kwa siku 5.

Hata hivyo, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa aliyeandikiwa tamoksifeni hana budi kuimeza kwa miaka 5 au zaidi kama alivyoelekezwa na daktari. Kuiacha kwa kuwa amepata nguvu ni kujihatarisha.

Kazi ya shamba nayo ni mazoezi. Lakini mkono wa upande uliopasuliwa huhitaji kuzoeshwa kidogo kidogo, kwa ushauri wa mganga. Kwa hiyo ni wajibu wa mume na vijana wa nyumba kubeba ndoo ya maji mpaka mama apate nguvu, na ni wajibu wao vilevile kumwachia nafasi ya kutembea kila siku.

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili afya. Somo hili halihitaji zaidi ya hapo. Mwalimu anaweza kulieleza katika mkutano wa wazazi. Mganga wa zahanati anaweza kumpangia mgonjwa hatua zake. Mkuu wa ofisi anaweza kumpa mtumishi aliyeugua muda wa kutembea. Mama huyo asidhoofishwe kwa huruma, wala asielemewe kwa mizigo.