Misuli ya sindano ina deni lake

Mpenzi msomaji, huenda una kijana aliyekwenda shule ya bweni akiitika kwa sauti nyembamba, kisha akarudi likizoni na sauti nzito hata ukadhani ni mgeni anayebisha hodi. Au pengine wewe ndiwe kijana mwenyewe. Unajitazama kwenye kioo, ndevu hazijaota, kifua chembamba, ilhali wenzako wamejaa. Na huko kwenye jumba la mazoezi mtaani yupo anayekunong'oneza kwamba ipo sindano ya kukuondolea udhia. Kabla hujatia mkono mfukoni, hebu tuzungumze.

Sindano hiyo aghalabu huwa ni testosteroni, homoni ya kiume, au dawa iliyotengenezwa kwa kuiiga. Mwili wa mwanamume huitengeneza wenyewe, hasa katika korodani. Mwaka wa 1935 wanasayansi waliitoa katika korodani za fahali na kuipa jina hilo. Lakini homoni haijengi misuli kama fundi apangavyo mawe. Yenyewe ni mjumbe tu.

Karibu kila seli ya mwili ina kitabu kizima cha maagizo, yaani jeni zipatazo 20,000, lakini husoma kurasa inazohitaji tu. Homoni ya kiume hupenya ndani ya seli na kukutana na protini iitwayo kipokezi. Vikishikana, kipokezi hubadilika umbo, huingia katika kiini cha seli na kushika mahali maalumu kwenye DNA. Hapo jeni fulani huamshwa na nyingine hunyamazishwa. Jeni iliyoamshwa hunakiliwa, na nakala hiyo hutumiwa kutengeneza protini. Kazi hii haina mkato, ndiyo maana ndevu haziji kwa siku moja.

Pasipo kipokezi, homoni hata ikijaa tele haina la kufanya. Na wanaume wanaojigamba wasikie hili: jeni ya kipokezi hicho imo katika kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mamaye!

Sasa tatizo liko wapi? Mjumbe ni mmoja, lakini kila seli hufungua kurasa zake. Misuli ikipata ujumbe, hunenepa. Kidevuni nywele huota, lakini utosini, kwa waliorithi upara, hunyauka. Ubongo nao hupata habari. Ukiona homoni imezidi, hukatiza amri zinazotumwa kwa korodani kupitia tezi ya pituitari. Korodani hukosa kazi, husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua, wakati mwingine zikaisha kabisa. Hata sindano ikiachwa, hali ya kawaida huweza kuchukua miezi mingi kurudi, pengine zaidi ya mwaka. Kijana aliyenunua uanaume anaweza kujikuta akitafuta mtoto asimpate.

Wengi wanamkumbuka Ben Johnson wa Kanada, aliyeshinda mbio za mita 100 mjini Seoul mwaka wa 1988 kwa sekunde 9.79. Dawa ya jamii hiyo ilipatikana katika mkojo wake, akapokonywa medali. Yeye alipoteza dhahabu. Kijana wa mtaani hana medali ya kupokonywa, ila ana uzazi wake.

Wazazi, msimcheke mtoto aliyechelewa kukomaa. Wavulana wengi huanza kubadilika kati ya miaka 9 na 14. Akipita miaka 14 bila dalili yoyote, mpelekeni kwa daktari ampime. Wapo wanaopungukiwa na homoni hii kweli, nao hupewa kwa kipimo na kuangaliwa. Huyo ni mgonjwa anayetibiwa, si mzima anayejiharibu.

Nawe kijana, kula vizuri, fanya mazoezi, lala usingizi wa kutosha, na uupe mwili nafasi. Mtaka yote hukosa yote.

Tukutane Jumapili ijayo.