Fidia ya shingo: Kadi ya Njano yavuka mpaka, kipato cha mchuuzi hakionekani

GISENYI, Rwanda - Lori linapoigonga kwa nyuma teksi iliyobeba wachuuzi, abiria wengi hushuka wenyewe, hujikung'uta vumbi na kuendelea na safari. Maumivu ya shingo huja kesho yake au keshokutwa. Kufikia hapo lori limekwisha vuka mpaka, na jina la abiria huenda halimo kabisa katika PV ya polisi. Hapo ndipo madai ya fidia huanza kuharibika.

Suala hili lina uzito wa pekee mjini Gisenyi. Maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku kwenda Goma na kurudi kupitia Petite Barrière, huku malori yakipita Grande Barrière. Mengi ya malori yanayotoka Mombasa na Dar es Salaam yana usukani wa kulia, kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda na Kongo huendesha kulia.

Kadi inafanya nini?

Gari la kigeni likisababisha ajali, swali la kwanza ni nani atalipa. Jibu ni Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanzishwa kwa itifaki ya mwaka 1986. Rwanda, Kongo, Uganda, Burundi na Kenya zimo. Tanzania nayo imo, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ofisi ya mpango huo katika nchi ilikotokea ajali hushughulikia madai, kisha hurudishiwa fedha na ofisi ya nchi iliyotoa kadi. Majeruhi hana haja ya kumfuata mwenye lori hadi Nairobi.

Kwa gari lisilo na bima au lililokimbia, Rwanda ina Mfuko Maalum wa Dhamana unaolipa majeruhi.

Hata hivyo, kadi haipangi kiasi cha malipo. Kiasi hufuata sheria ya nchi ilikotokea ajali, na kwa jeraha la shingo hapo ndipo penye ugumu.

Jeraha lisiloonekana

Gari likigongwa kwa nyuma, kichwa hutupwa nyuma kisha mbele, na misuli na kano za shingo huvutika kupita kiasi. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, na mara nyingi haionyeshi kasoro yoyote. Kwa lugha ya uchumi, mgonjwa peke yake ndiye anayejua maumivu yake. Kampuni ya bima huona karatasi tu, nayo ina sababu ya kushuku udanganyifu.

Uingereza ilikumbwa na wingi wa madai ya aina hiyo hadi ikatunga sheria mwaka 2018. Tangu Mei 31, 2021 fidia ya maumivu hayo hulipwa kwa jedwali: lilianza na pauni 240 kwa jeraha lisilozidi miezi 3, hadi pauni 4,215 kwa la miezi 18 hadi 24. Pia ni marufuku kufanya mapatano kabla ya ripoti ya daktari.

Rwanda hutumia njia nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 2001 na amri ya rais ya mwaka 2003, daktari hukadiria ulemavu wa kudumu kwa asilimia, na kipato cha majeruhi huingia katika hesabu. Asiye na uthibitisho wa kipato huangukia kima cha chini cha mshahara. Kima kilichowekwa mwaka 1980 ni faranga 100 kwa siku, na kimezua mabishano mahakamani.

Tuseme mchuuzi wa nyanya hubaki na faranga 5,000 kwa siku. Kwa siku 365 ni faranga 1,825,000. Kwa kima cha mwaka 1980 ni 36,500 tu. Shingo ni ile ile, thamani imepungua mara 50 kwa kukosa daftari.

Ajali ikitokea Goma

Huko sheria ni ya Kongo. Shirika la serikali SONAS lilihodhi soko la bima hadi sheria ya mwaka 2015 ilipolifungua, na kampuni binafsi zilipata leseni mwaka 2019. Lakini M23 iliuteka mji Januari 2025 na benki zikafungwa. Dai linalohitaji korti na malipo ya benki limekuwa gumu zaidi hata pale haki ilipo wazi.

La kufanya

Kwa mchuuzi, hatua ni chache. Jina liandikwe katika PV hata kama hakuna damu. Namba ya gari na ya Kadi ya Njano zinakiliwe papo hapo. Daktari aonwe maumivu yanapoanza tu, na cheti kitaje shingo. Mapatano yasisainiwe kabla hali haijatulia, kwani saini hiyo kwa kawaida hufunga dai.

Kipato nacho kiandaliwe kabla ya ajali: daftari la mauzo, risiti za forodha, rekodi za fedha kwa simu. Vyama vya ushirika vya mpakani vinaweza kuwatunzia wanachama kumbukumbu hizo kwa gharama ndogo. Biashara ndogo ya mpakani huishi bila karatasi kwa sababu karatasi hugharimu muda na ushuru. Siku ya ajali, gharama ya kutokuwa nazo humwangukia mwenye shingo.