Tunalipia kukaa chini?

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 21 kuwa Siku ya Yoga, na sasa hata chuoni kwetu jioni kuna mwalimu wake, kwa kulipia. Mi sina neno naye: anatukumbusha kukaa wima, kuvuta pumzi taratibu. Ila kwetu Kilwa Kivinje bibi zetu hukaa mkekani, miguu wameinyoosha, wanasuka ukili mchana kutwa. Songosongo wavua pweza huinama mwambani mpaka maji yajae. Sisi walimu watarajiwa? Kiti tangu asubuhi, shingo imepinda kwenye simu!

Mtoto kukaa chini kwa kukosa dawati ni shida nyingine, siitetei. Lakini tukienda mazoezi ya kufundisha, hadithi tuzisomee mkekani, na mwalimu naye akae chini.