DAWA BILA DAFTARI NI HUJUMA



Juma lililopita tulikagua vizimba vyetu vya sato. Ndani ya mtumbwi wa ulinzi tuliokota pakiti tatu tupu za oksitetrasaiklini, dawa ya ng'ombe. Tukauliza: nani katia, kizimba namba ngapi, siku gani? Kila mtu akaangalia ziwa. Daftari la dawa tulilikuta na ukurasa mmoja tu ulioandikwa, nao ni wa bei ya pumba.

Tuseme wazi. Huu si uzembe tu, ni hujuma.

Wapo wanaosema eti ziwa ni kubwa, dawa inapotea. Haipotei, jamani! Inakaa mwilini mwa samaki siku kadhaa. Ndiyo maana dawa za mifugo zina siku za kungoja kabla ya kuuza. Kama siku ya kutia haikuandikwa, utahesabu kuanzia wapi? Utamuuzia mama mjamzito sato mwenye dawa, na wewe mwenyewe hujui. Na chakula chenye dawa kisipoliwa chote, kinapita kwenye nyavu na kuliwa na samaki wa nje. Vijidudu navyo vinazoea dawa. Kesho mtoto wako akiugua, dawa ya jamii ileile haimsaidii.

Wengine wanasema daftari ni kazi ya Bwana Samaki. Bwana Samaki halali kizimbani. Tunaolala huko ni sisi. Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, kwa taa ya kibatari. Tulijifunza ili tutie sahihi za mikopo tu?

Tumesahau mwaka 1999? Ulaya ilifunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Habari zile zilitoka Uganda, lakini Mwanza tulifungiwa pia, na Wakenya vilevile. Hakuna aliyeuliza nani mwema, nani mbaya. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Leo maabara ya kupima samaki ipo hapo Nyegezi. Mwenye daftari safi haiogopi.

Na sisi viongozi tujisahihishe: daftari tulilinunua, tukalifungia kabatini. Kosa hilo ni letu.

Basi, kuanzia leo:

1. Dawa yoyote, hata chumvi ya kuogeshea vifaranga, iandikwe siku hiyohiyo: tarehe, namba ya kizimba, ugonjwa, jina la dawa, kipimo, aliyetia, na siku ya kwanza ya kuruhusiwa kuvua.

2. Hakuna kutia dawa bila daktari wa mifugo au Bwana Samaki kujua. Pakiti tupu zirudi ofisini, zisitupwe ziwani.

3. Kizimba kisicho na maandishi hakivuliwi, hata kikiwa cha Mwenyekiti, hata kikiwa cha Katibu.

Daftari liko msumarini, mlangoni pa ghala. Kalamu imefungwa kwa kamba. Asiyejua kuandika aje, tutamwandikia, na jioni tutamfundisha.

Katibu wa Chama, kwa niaba ya Kamati.